Laini ya Kukodi na Kisanduku cha Ukutani

Wenye maduka na ofisi hapa Marekani wametuuliza kwa nini laini ya kukodi ikikatika, kampuni ya simu na fundi wa kompyuta hutupiana lawama, na mteja akaishia kuwalipa wote wawili.

Tuitazame T1, iliyoanza kutumika nchini humu mwaka 1962. Ni jozi mbili za nyaya za shaba, moja ya kupeleka na moja ya kupokea. Sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 8 za sifuri na moja. Njia 24 za namna hiyo hupokezana zamu katika laini ile ile, nayo data hupita humo humo.

Kompyuta haichomekwi moja kwa moja. Laini huishia kwenye kisanduku cha kampuni ukutani. Kutoka hapo hupitia kifaa cha mteja, kinachozigeuza ishara zake ziweze kusomwa na ruta. Mpaka ni kisanduku hicho: nje ni mzigo wa kampuni, ndani ni wenu. Basi kabla ya kumwita fundi, itakeni kampuni ipeleke ishara hadi kisandukuni na kuirudisha. Ikirudi salama, yamkini kasoro i ndani. Isiporudi, msifungue mkoba.