Mama, Usimeze Sheria Usiyoijua

Mwezi huu tunaomba tuweke kando habari za chanjo na lishe ya watoto, tuzungumze juu ya jambo ambalo halimo katika kabati la dawa, lakini limewaumiza akina mama wengi huku kwetu Masasi na Newala. Jambo lenyewe ni sheria, hasa ile inayotufikia kwa simu.

Sisi wauguzi tuna kawaida moja. Mgonjwa akija na vidonge vilivyofungwa katika kipande cha gazeti, akasema amepewa na jirani, hatumwambii ameze. Tunamwuliza: Dawa gani hii? Nani alikuandikia, na kwa ugonjwa gani? Akikosa majibu, vidonge vinabaki mezani. Lakini ujumbe ukiingia katika simu zetu, umeandikwa kwa herufi kubwa "SHERIA MPYA", tunaumeza mzima mzima, kisha tunawagawia na wenzetu. Tunasema "tunaumeza" kwa sababu nasi tumo. Na tuwasimulie yaliyotokea.

Mama mmoja wa kijiji kilicho upande wa Newala alifiwa na mumewe. Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka ishirini, wakazaa watoto watatu, wakapanda mikorosho na kuitunza tangu ikiwa miche. Kila mwaka mama huyu alipalilia, alisaidia kupuliza salfa, na aliokota korosho kwa mikono yake. Enzi zile maji yalipokuwa shida kubwa juu ya uwanda wetu, alishuka bondeni na ndoo kabla jua halijachomoza. Mahari ilitolewa, wazee wa pande zote mbili walikaa wakakubaliana, lakini cheti cha ndoa hakuwa nacho.

Matanga yalipokwisha wakaja wapwa wa marehemu. Wasomaji wa mikoa mingine wafahamu kwamba huku kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo huhesabiwa upande wa mama, na kwa desturi ya zamani mtoto wa dada ndiye aliyemrithi mjomba wake. Wapwa hawa hawakuja na fimbo. Walikuja na simu. Ndani yake mlikuwa na ujumbe kwamba sheria mpya imetoka, mjane asiye na cheti cha ndoa hana haki yoyote katika mali ya marehemu, na anatakiwa kuondoka ndani ya miezi mitatu.

Mama akaenda kuuliza kwa wifi yake, mke wa kaka yake, aliye katika kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa kanisa letu. Wifi akatazama simu yake, akamjibu kwa huzuni, "Ni kweli, ndugu yangu. Hata muuguzi wetu wa kanisa ameutuma." Basi mama akafunga mizigo yake. Msimu ukafunguliwa, korosho zikaokotwa na wengine, zikapelekwa chama cha msingi, zikauzwa.

Muuguzi huyo wa kanisa tulikuwa sisi. Tuliutuma ujumbe ule usiku, tumetoka zamu, tumechoka, hata hatukuusoma mara mbili. Tulidhani tunawaonya wenzetu wakasajili ndoa zao. Hatukujua kwamba kwa sababu ya sare yetu nyeupe, uvumi ule uligeuka kuwa kweli.

"Sheria gani, mama?"

Siku za Noeli binti mmoja wa kanisa letu alirudi nyumbani kwa likizo. Kazi yake mjini ni mkutubi wa sheria, yaani mtunzaji wa vitabu vya sheria na hukumu ambavyo mawakili na mahakimu huvitafuta. Alituamkia, tukamwitikia, tukampa simu asome. Hakusema kwamba ni kweli, wala hakusema kwamba ni uongo. Aliuliza tu, "Sheria gani, mama? Ya mwaka gani? Kifungu cha ngapi?"

Tukatazama tena. Ujumbe ulikuwa mrefu, una alama za mshangao saba, lakini haukuwa na jina la sheria hata moja.

"Basi hii bado si sheria," akasema. "Haya ni maneno."

Akatoa simu yake, akafungua TanzLII, maktaba ya mtandao ya Mahakama ya Tanzania, ambamo mtu yeyote husoma sheria na hukumu bila malipo. Akatutafutia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Tulishangaa kuona kwamba sheria hiyo inaitambua ndoa ya kimila pamoja na ya kanisani, ya msikitini na ya bomani. Kisha akatuonyesha kifungu cha 160. Kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, mahakama itachukulia kwamba wameoana, mpaka utolewe ushahidi wa kuonyesha vinginevyo.

Miaka miwili, akina mama. Wengi wetu tumewaambia binti zetu kwamba ni miezi sita. Ile miezi sita inayosemwa sokoni na kisimani haimo katika kifungu kile. Binti anayehesabu miezi sita kwa vidole akidhani amekwisha kuwa mke amedanganywa, na mjane wa miaka ishirini anayeambiwa kwamba si kitu naye amedanganywa vilevile.

Tukamwuliza juu ya urithi. Hapo binti yetu alikuwa mwangalifu zaidi. Alitueleza kwamba nchi yetu haina sheria moja tu ya mirathi. Ipo ya kimila, ipo ya Kiislamu, na ipo ya mwaka 1865 iliyotungwa kwa ajili ya India na kuletwa huku wakati wa Waingereza. Kwa hii ya tatu, marehemu asipoacha wosia, mjane hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Mahakama hutazama marehemu aliishi maisha ya namna gani, ndipo iamue ni sheria ipi itumike. Hata kanuni za kimila zilizoandikwa na kutangazwa na Serikali mwaka 1963 ziliwahusu watu wanaofuata ukoo wa upande wa baba. Anayemsomea mjane wa Kimakonde kanuni zile kama kwamba ziliandikwa kwa ajili yake anampa dawa ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Jambo zito namna hii haliwezi kumalizwa na ujumbe wa mistari mitano.

Soma mpaka mwisho

Tena binti huyo alitufundisha kutopenda maneno matamu kuliko yale machungu. Katika kikundi chetu uliwahi kupita ujumbe mwingine uliotufurahisha sana, kwamba Mahakama ya Rufani ilimpa Bi Hawa Mohamed haki kwa kazi zake za nyumbani. Tukaushangilia. Hukumu hiyo ipo kweli, ni ya mwaka 1983. Mahakama ilisema kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kupatikana kwa mali ya mume na mke, na tangu hapo wanawake wengi wamesaidiwa na neno hilo. Lakini anayeisoma mpaka mwisho ataona kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa. Mumewe alikuwa amempa fedha, na mahakama iliona kwamba alizitumia vibaya, basi rufaa yake ikakataliwa. Mama atakayekwenda mahakamani amesikia nusu ya kwanza tu atashangaa akiulizwa juu ya nusu ya pili.

Vivyo hivyo hukumu ya Mahakama Kuu Mwanza ya mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory wa Kagera. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia, naye alipoliuza, mtu wa ukoo wake alimshtaki akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Katika Mahakama ya Mwanzo mwanamke huyu alishindwa. Angeishia pale, tungesema hiyo ndiyo sheria. Lakini alikata rufaa akashinda, na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu naye akampa ushindi, akisema kwamba mila ile inapingana na Katiba inayokataza ubaguzi.

Nasi tunaosoma Biblia tusishangae. Binti watano wa Selofehadi, katika Hesabu sura ya 27, hawakunung'unika hemani. Walikwenda mbele ya Musa wakaeleza shauri lao, na Mungu akasema kwamba madai yao ni ya haki. Lakini mwenye kuendelea mpaka sura ya 36 ataona kwamba liliongezwa sharti juu ya ndoa zao. Na wale watu wa Beroya katika Matendo sura ya 17 wanasifiwa kwa sababu hata walipohubiriwa na Paulo mwenyewe walirudi kwenye Maandiko kuchunguza. Kama Paulo alichunguzwa, je, ujumbe wa simu?

Simu si adui

Msidhani kwamba tunawaambia mzitupe simu. La hasha. Zamani mama wa Newala aliyetaka kuona kitabu cha sheria angesafiri siku nzima au zaidi kwenda Dar es Salaam, na huko angekikuta kwa Kiingereza. Leo anaweza kukifungua akiwa ameketi karibu na Shimo la Mungu, mradi mtandao upo. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka 2019 ilizinduliwa mahakama inayotembea, yaani hakimu anawafuata watu kwa gari, ikaanzia Dar es Salaam na Mwanza. Ni mambo ya kumshukuru Mungu. Lakini hukumu nyingi za zamani bado ni za Kiingereza, na kusoma kifungu kimoja hakumfanyi mtu kuwa wakili, kama vile kupima joto hakumfanyi mtu kuwa daktari.

Wauguzi tulifundishwa kuhakikisha mambo matano kabla ya kumpa mtu dawa: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, na saa ndiyo. Tumeyageuza yawe maswali matano ya ujumbe wa sheria, nanyi mnaweza kuyabandika jikoni.

Kwanza, sheria yenyewe inaitwaje, ya mwaka gani, kifungu cha ngapi? Pili, nani amesema: Bunge, au mahakama, na mahakama ipi? Neno la Mahakama ya Rufani huzifunga mahakama zote za chini yake. Tatu, je, bado ni hivyo? Sheria hurekebishwa, na toleo jipya linapotoka, kama lile lililozinduliwa mwaka 2025, hata namba za vifungu huweza kusogea. Nne, inamhusu nani? Yaliyompata Mhaya au Mwislamu huenda yasiwe yako. Tano, saa ni ipi? Sheria ina muda wake. Aliyeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo kwa shauri la madai ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya, na siku hizo hazimsubiri anayelia nyumbani.

Ukikosa majibu, usiutume. Nenda kwa msaidizi wa kisheria wa eneo lako. Watu hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada wao kwa asiye na uwezo ni wa bure. Ofisi ya mtendaji wa kata au afisa maendeleo ya jamii watakuelekeza. Tena tukumbuke kwamba tangu mwaka 2015 ipo sheria ya makosa ya mtandao, na kusambaza uongo kwa nia ya kudanganya ni kosa.

Mama yetu yule tulimpeleka kwa msaidizi wa kisheria siku ya tatu baada ya Noeli. Shauri la mirathi lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, majirani wakaja kusema kwamba walimjua kuwa mke wa marehemu, na mahakama ikamteua yeye pamoja na mpwa mmoja kuwa wasimamizi. Amerudi nyumbani kwake. Hakupata yote aliyotumaini, na bado wanazungumza juu ya mikorosho ya upande wa juu. Korosho za msimu ule hazikurudi. Ada ya mtoto wake wa pili ilikuwa ndani ya magunia yale.

Sisi tuliandika katika kikundi chetu kwamba tulikosea, tukataja ujumbe upi na kwa nini. Haikuwa rahisi. Tulipomwomba mama yule msamaha, alituuliza swali moja tu: "Sasa nikipata ujumbe mwingine nikuletee?" Tukamjibu, "Tuletee, lakini kwanza tuulize sheria gani."