Vali Nyepesi kwa Mabomba ya Vilimani

Wilaya ya Ngara ni nchi ya vilima. Tangu mipaka ya Rwanda na Burundi, hadi bonde ambamo mto Ruvubu huungana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, ardhi hupanda na kushuka bila kukoma. Katika nchi ya namna hii chemchemi iliyo juu ya kilima yaweza kuwa na thamani kuliko mashine, maana maji yake huteremka kwa bomba hadi kijijini pasipo pampu, mafuta wala umeme. Mradi wa namna hiyo huitwa mradi wa mserereko. Mahitaji yake makubwa ni banio, tangi, mabomba, vituo vya kuchotea maji na vali.

Aghalabu vali ndizo zinazohesabiwa mwisho, na ndizo zinazopunguzwa kwanza fedha zinapopungua. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Tuseme bomba moja linahudumia vitongoji 6. Ikiwa kila tawi lina vali yake, tawi moja likipasuka hufungwa peke yake na vitongoji 5 huendelea kupata maji. Ikiwa vali ni moja tu, kule tangini, basi ufa mmoja huwanyima maji watu wote. Ndoo hurudi bondeni, na mara nyingi anayeibeba ni mtoto aliyepaswa kuwa darasani. Kwa hiyo bei na uzito wa vali si jambo la fundi peke yake. Vali iliyo ghali na nzito hununuliwa chache, na mradi wenye vali chache huzimika wote kwa kosa dogo.

Miongoni mwa vali zinazofaa kwa kazi hii ni vali ya tufe. Ndani yake mna tufe la madini lililotobolewa tundu moja kwa moja. Tundu likilingana na bomba, maji hupita. Mkono ukizungushwa robo ya mzunguko, tundu hukaa kukingama na maji husimama. Tufe hushikwa katikati ya pete mbili laini zinazozuia maji yasivuje. Wazo hilo ni la zamani, lakini vali hizi zilienea hasa katika miaka ya 1950, baada ya kupatikana kwa plastiki telezi isiyoliwa na kemikali iitwayo Teflon, ambayo Roy Plunkett aliigundua nchini Marekani mwaka 1938. Tangu hapo pete zilizotengenezwa kwa plastiki hiyo zimeweza kulibana tufe kwa nguvu bila kulizuia lisizunguke.

Hata hivyo, vali ya tufe ya bomba kubwa huwa nzito. Watu wengi huupokea uzito huo kuwa dalili ya uimara: kilicho kizito ni madhubuti, chepesi ni hafifu. Imani hiyo inafaa ipimwe kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya mwenyewe.

Tuchukue bomba lenye kipenyo cha milimita 100 lililo mita 100 chini ya tangi. Kanieneo ya maji, yaani nguvu yake kwa kila eneo, hupatikana kwa kuzidisha densiti, mvutano wa dunia na kimo: 1,000 mara 9.8 mara 100, ambayo ni paskali 980,000, au karibu megapaskali 1. Unene unaohitajika ili ukuta wa mviringo usipasuke ni kanieneo mara kipenyo, gawanya kwa mara mbili ya mkazo ambao madini yanaweza kuubeba kwa usalama. Kwa feleji ya kawaida mkazo huo waweza kuchukuliwa kuwa megapaskali 100. Jibu ni 1 mara 100, gawanya kwa 200, yaani nusu milimita.

Nusu milimita! Hapana shaka hakuna fundi mwenye busara ambaye angetengeneza vali ya unene huo. Hapana budi kuongeza kiasi kwa ajili ya kutu, kwa ajili ya bomba linalopinda udongo unapotitia, na kwa ajili ya mapigo ya maji yatakayoelezwa hapa chini. Lakini hata vyote hivyo vikiongezwa, milimita chache zinatosha. Basi unene mkubwa wa vali nyingi unatoka wapi? Sehemu kubwa inatokana na namna zinavyotengenezwa. Kiwiliwili cha vali aghalabu husubiwa, yaani madini huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Madini yaliyoyeyuka hayapiti vizuri katika nafasi nyembamba; hupoa na kuganda kabla ya kuijaza. Kwa sababu hiyo msubiaji huongeza unene ili kalibu ijae na mapovu yasidhuru. Mnunuzi hulipia unene huo, lori huubeba hadi Ngara, na watu huupandisha kilimani, ilhali maji yenyewe hayauhitaji.

Iko njia nyingine. Kiwiliwili chaweza kutengenezwa kwa kipande cha bomba la feleji kilichokatwa, kikafinywa na kuchomelewa, na tufe likawa tupu ndani badala ya kuwa donge zima. Vali za namna hiyo zimetumika kwa miaka mingi kaskazini mwa Ulaya, katika mabomba yanayopeleka maji moto majumbani wakati wa baridi. Kazi ya kukata, kukereza na kuchomelea inajulikana katika karakana nyingi za Tanzania, ambako mitambo ya kusubu madini ni adimu zaidi.

Ngara yenyewe imewahi kushuhudia ushahidi wa kanuni hii. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, inakadiriwa kwamba watu 250,000 waliokuwa wakikimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Maji yalihitajika mara moja. Miongoni mwa vyombo vilivyotumiwa na shirika la Oxfam katika dharura za namna hiyo ni matangi ya mabati yaliyokunjwa mikunjo, yanayofungwa kwa boliti, na ndani yake hutandikwa mpira. Mabati ni membamba, nayo hubebwa vipande vipande, lakini yakifungwa huhifadhi maelfu ya lita. Siri yake ni kugawana kazi: bati hubeba nguvu ya maji, mpira huzuia maji yasivuje. Hakuna sehemu iliyopewa kazi isiyoiweza, wala iliyonenepeshwa kwa ajili ya kazi ya mwenzake. Vali nyepesi hufuata mgawanyo huohuo: kiwiliwili hubeba nguvu, pete huzuia maji.

Kupunguza uzito, hata hivyo, si kukonda kila mahali. Vali ikifungwa chini ya kile kilima cha mita 100, maji husukuma tufe kwa nguvu ipatayo nyutoni 7,800, karibu sawa na uzito wa kilo 800. Nguvu hiyo yote hulikandamiza tufe kwenye pete moja, na fundi anapozungusha mkono hushindana na msuguano wake. Kwa hiyo mhimili wa mkono, pete na mahali pete zinapokaa ni sehemu zisizofaa kufanyiwa ubahili. Msanifu mzuri huondoa madini pale ambapo nguvu haipiti, akayaacha, au hata kuyaongeza, pale inapopita.

Jambo jingine ni ukubwa wa tundu. Tungamo la tufe hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Tufe la vali ya bomba la milimita 100 likisanifiwa kwa tundu la milimita 80, vipimo vingine vikipungua kwa uwiano uleule, tungamo lake huwa 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani karibu nusu ya lile la awali. Maji yatasongwa kidogo, lakini yakienda kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde kimo kinachopotea ni sentimita chache tu. Katika mserereko wa Ngara, wenye mita nyingi za kimo, hasara hiyo si kitu. Mahali ambapo maji husukumwa kwa pampu na mwendo wake ni mkubwa, hesabu ifanywe upya, kwa sababu hasara ndogo hulipiwa kila siku kwa nishati.

Pengine msomaji ataonyesha kidole wilaya jirani ya Biharamulo. Huko ndiko linakopita bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443 na kipenyo cha inchi 24, ambalo uamuzi wa mwisho wa uwekezaji wake ulifikiwa Februari 2022. Je, vali za bomba hilo si nzito? Ni nzito, na zinastahili kuwa hivyo. Mafuta hayo huganda yasipopashwa moto, kanieneo yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya bomba la kijiji, na yakimwagika huharibu ardhi na maji. Zaidi ya hayo, vyombo vya kusafisha na kukagua hupitishwa ndani ya bomba hilo, kwa hiyo tundu la vali haliwezi kuwa dogo kuliko bomba. Funzo la Biharamulo, basi, si kwamba vali zote ziwe nzito, bali kwamba kila vali ibebe uzito wa kazi yake. Kosa ni kuvisha bomba la kijiji vazi la bomba la mafuta.

Ipo hoja moja ya upinzani yenye nguvu ya kweli. Vali ya tufe hufungwa upesi mno. Maji yaliyomo katika bomba refu ni mzigo unaokwenda. Yakisimamishwa ghafla hupiga kama nyundo. Mwaka 1898 Nikolai Joukowsky wa Moscow alichapisha kanuni ya pigo hilo. Katika bomba la feleji, maji yaendayo mita 1 kwa sekunde yakizuiwa ghafla, kanieneo hupanda kwa takriban megapaskali 1.2, sawa na kuweka kilima cha mita 120 juu ya kile kilichokuwapo. Katika mabomba ya plastiki pigo ni dogo zaidi, lakini lipo. Neno «ghafla» nalo lina kipimo: ni muda wa wimbi kwenda hadi mwisho wa bomba na kurudi. Kwa wimbi liendalo mita 1,200 kwa sekunde katika bomba la kilomita 3, muda huo ni sekunde 5. Mkono wa vali ya tufe huzungushwa kwa sekunde moja.

Hoja hiyo haiikatai vali nyepesi. Inaonyesha mahali pa kutumia fedha iliyookolewa. Kwenye bomba kuu refu, vali ifungwe kwa gurudumu na gia, ili robo ya mzunguko wa tufe ihitaji mizunguko mingi ya mkono. Kwenye matawi mafupi, mkono wa kawaida watosha, mradi mtunza bomba amefundishwa kuufunga polepole. Afundishwe pia kutoiacha vali hiyo nusu wazi, kwa maana mchanga unaopita kwa kasi huzila pete.

Urahisi wa bei nao upimwe kwa uangalifu. Vali ambayo pete zake haziwezi kubadilishwa hutupwa nzima pete zinapokwisha. Hiyo ni ghali hata kama ilinunuliwa kwa fedha kidogo. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwapatia wananchi wote wa vijijini maji safi karibu na makazi yao ifikapo mwaka 1991. Lengo halikufikiwa, na moja ya sababu zilizotajwa mara kwa mara ni ugumu wa kuitunza miradi iliyokwisha kujengwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hata mwenye nia ya kuziba ufa hawezi kuuziba ikiwa kipuri hakipatikani. Vali ya kijiji yafaa ifunguliwe kwa spana ya kawaida, na pete yake ipatikane katika duka la wilaya.

Taifa halikuanza jana kujiandaa kwa kazi hii. Liliunda SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, TBS mwaka 1975 kwa ajili ya viwango, na TEMDO mwaka 1980 kwa ajili ya usanifu wa mitambo. Kinachotakiwa ni wanunuzi wa vifaa vya maji kueleza katika zabuni zao kazi ya vali: kanieneo itakayobeba, mara ngapi itafungwa, na namna itakavyotengenezwa ikiharibika. Wasitaje tu aina ya chuma na unene uliozoeleka. Kisha kila vali ipimwe: kiwiliwili kwa mara 1.5 ya kanieneo ya kazi, na pete kwa mara 1.1, kama ilivyo desturi ya viwango vya kimataifa. Vali nyembamba iliyofaulu kipimo ni salama kuliko nene ambayo haikupimwa.

Walimu wa fizikia wa Ngara na Biharamulo hawana haja ya kungoja zabuni. Vali iliyochakaa, ikikatwa katikati kwa msumeno na kuwekwa mezani, ni somo kamili. Wanafunzi wapime unene wa ukuta wake, waulize kimo cha tangi la kijiji chao, wapige hesabu ya unene unaohitajika, kisha walinganishe namba hizo mbili. Tofauti watakayoiona ni madini ambayo yangeweza kuwa vali ya pili, kwenye tawi ambalo leo halina hata moja.