Barua ya wazi kwa KLISC: Nauli nayo ichangiwe

Kwa Kamati Tendaji ya KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, Nairobi.

Waheshimiwa,

Natunza maktaba ya shule hapa Bokoli, Bungoma: kabati tatu za vitabu, kompyuta moja iliyochoka, na simu yangu inayoipa intaneti. Jioni wanafunzi wakishatoka, mimi huketi mlangoni, ambapo mtandao hushika, na kupakua makala za bure. Juzi mzazi alileta jani la mahindi lililotobolewatobolewa. Nilitafuta, nikapata maelezo ya viwavijeshi kwa Kiingereza, nikamfasiria aya kwa aya huku ameshikilia jani lake. Kazi hii mikutanoni mnaiita usimamizi wa rasilimali za kidijitali. Barua yangu ya ajira inaniita karani.

Kuna udhamini unaomlipia mkutubi ada ya kujiandikisha kwenye mikutano hiyo. Ni wema, siukatai. Ila piga hesabu: boda hadi Webuye, gari la usiku hadi Nairobi, kitanda siku tatu, chakula, kisha kurudi. Ukinisamehe ada tu, umenialika karamuni bila kuuliza nitavuka Nzoia na nini. Nairobi ilipokea mkutano wa IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, mwaka 1984, na wa SCECSAL, wa wakutubi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, mwaka 2012; Bokoli haikusogea karibu mara zote mbili.

Nawaandikia ninyi kwa sababu mwaka 2003 mlianza na wazo ambalo akina mama wa chama hapa kijijini wanalielewa vizuri: maktaba moja haiwezi bei ya majarida ya ng'ambo, basi tuchange, tukabiliane na wachapishaji kwa sauti moja. Vyuo vikuu vimenufaika. Sasa changieni na watu. Wawili tu kila mwaka, kutoka maktaba za vijijini, walipiwe ada, nauli na malazi. Walipwe kabla ya safari, kwani mwenye boda hatoi risiti. Na fomu isiulize cheo. Iulize mtu anafanya nini na nani humjia.

Nikichaguliwa, nitatumia Jumamosi nne kuwafundisha wenzangu wa Webuye na Kimilili nilichojifunza. Njooni mkague. Kaunti nayo nitaiandikia, maana Katiba ya 2010 iliikabidhi maktaba.

Mkinijibu, tafadhali msitume faili zito. Bando la wiki hii limeishia kwenye viwavi.

Wenu,
Karani wa maktaba, Bokoli