Mikono Haifundishwi kwa Karatasi

Jioni moja katika uwanja wa mchanga hapa Unguja nilimwona kijana akianguka bila kuguswa na mtu. Mpira ulikuwa upande wa pili. Tukamzunguka. Mmoja akammwagia maji, mwengine akataka kijiko cha kumtia kinywani, wa tatu akaanza kusoma dua. Miongoni mwetu alikuwamo mwanafunzi wangu, mwenye alama za juu katika somo la huduma ya kwanza. Hakusogea. Kijana yule alinusurika kwa rehema ya Mungu, si kwa maarifa yetu. Nilipomuuliza mwanafunzi kwa nini alisimama tu, alinijibu: "Mwalimu, nilijua la kufanya. Mikono ilikataa."

Jibu hilo ndilo hoja yangu ya leo. Tunawapa vijana vyeti vya kujua, hatuwapi mazoea ya kutenda. Moyo uliosimama hausubiri mtu akumbuke ukurasa wa kitabu: kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na bila mshtuko wa umeme hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina kisichopungua sentimita 5. Maneno haya hukaririwa kwa muda mfupi. Mwili hauyajui mpaka uyatende mara nyingi.

Nchini Marekani, baadhi ya wanaosomea kuwahudumia wanamichezo huvaa miwani ya uhalisia pepe. Ndani yake humkuta mgonjwa aliyeumbwa na kompyuta, nao hulazimika kuamua lipi litangulie. Wakikosea, hafi mtu. Wapo miongoni mwetu wanaoyaita mafunzo haya anasa ya matajiri. Nawapinga. Moyo kusimama uwanjani ni tukio la nadra. Mwanafunzi anaweza kumaliza mafunzo yake yote bila kuliona, kisha likamkuta siku ya kwanza ya ajira. Kwa jambo lililo nadra na linaloua, mazoezi ya kuigiza ni wajibu. Si haki mgonjwa wa kwanza awe ndiye ubao wa kujifunzia.

Lakini nawapinga vilevile wanaotaka kununua miwani kwa ajili ya picha ya uzinduzi. Miwani hufundisha jicho na uamuzi. Haikifundishi kiganja uzito wa kifua cha mtu. Kwa hilo ipo sanamu ya mazoezi, iliyoanza kutengenezwa Norway mwaka 1960, isiyohitaji umeme wala intaneti. Tena mgonjwa aliyenunuliwa ng'ambo hasemi "naona kiza". Pembeni yake hakuna mzee mwenye ndoo ya maji wala mwenye kijiko. Mwanafunzi wangu hakushindwa na elimu ya moyo. Alishindwa na umati, na wakubwa zake waliotangulia kusema. Kumwambia mtu mzima "tafadhali nipishe, mzee wangu" nako kunahitaji mazoezi. Programu ya namna hiyo hatutaipata dukani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinasomesha tiba na kinasomesha kompyuta. Waketi pamoja, waiandike kwa Kiswahili.

Msiseme ni mambo ya mbali. Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao alianguka mchezoni na kufariki. Juni 12, 2021, Christian Eriksen alianguka Copenhagen. Alikandamizwa kifua na kushtuliwa moyo pale pale uwanjani, na mwaka uliofuata alikuwa akicheza tena. Sidai kwamba kila aliyeanguka angepona. Nadai kwamba kila anayeanguka anastahili kujaribiwa.

Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na Desemba ya mwaka huo uwanja wa Amaan ukafunguliwa upya. Taa na viti ni jambo jema. Lakini mpira wa kisiwa hiki huchezwa zaidi Makunduchi, Nungwi na kwenye viwanja vya skuli, kusiko na kamera. Enyi watendaji wa Serikali, mashine ya kushtua moyo iwepo katika kila uwanja wa mashindano, na sanamu ya mazoezi katika kila wilaya. Kisha tuzungumze miwani. Nanyi wanafunzi, mkatae kutahiniwa kwa kalamu pekee.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tunamtunza mchezaji kwa makofi.

Ama mwanafunzi wangu yule, wapo waliomcheka. Wasimcheke. Alifaulu kila nilichomuuliza. Aliyetunga mtihani ni mimi.