Visanduku vya fomu si lazima vifanane kwenye kila simu

Leo nataka tuzungumzie jambo linalotula muda mwingi sisi tunaotengeneza tovuti: kulazimisha visanduku vya fomu vionekane vilevile kwenye kila kivinjari cha simu. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni bure. Kinachotakiwa kufanana ni matumizi, si sura.

Chukua Kangeta, huku Meru. Biashara ya hapa ni miraa, na miraa haina subira. Ikishachumwa, baada ya siku mbili hivi imeshapoteza nguvu na bei yake, ndiyo maana hufungwa kwa majani ya migomba na kusafirishwa haraka. Anayejaza fomu ya oda amesimama juani, mkono mmoja simu, mwingine mzigo, na gari linangoja. Huyu ana iPhone, yule ana Tecno yenye Chrome, wa tatu anatumia Opera Mini ili kubana bando. Hakuna kati yao atakayezipanga simu zote tatu mezani alinganishe pembe za visanduku. Wanaofanya hivyo ni sisi na wateja wetu ofisini.

Sasa tazama gharama yake. Ili kupata mfanano kamili, wengi huandika appearance: none kila mahali. Papo hapo mshale wa orodha ya kuchagua unapotea, na tiki ya kisanduku cha kuteua haionekani tena. Unaanza kuvichora upya, mara nyingi kwa JavaScript. Lakini Opera Mini ikiwekwa kwenye hali ya kubana data kabisa, ukurasa hupitia kwenye seva kabla ya kufika kwenye simu, na JavaScript hufanya kazi kwa kiasi kidogo tu. Orodha yako maridadi inagoma kufunguka. Ile ya kawaida ingefunguka.

Sisemi tuache kila kitu kama kilivyo. Haya manne ndiyo ya kusawazisha:

1. Fonti. Kwa kawaida visanduku havirithi fonti ya ukurasa, kwa hiyo andika font: inherit. Ukubwa usipungue pikseli 16. Chini ya hapo, Safari ya iPhone huukuza ukurasa mara mtu anapogusa kisanduku, na sehemu ya fomu inatoka nje ya skrini.

2. Mpaka. Mwongozo wa WCAG 2.1 wa mwaka 2018 unataka kinachokitambulisha kisanduku kitofautiane na rangi iliyo kando yake kwa angalau 3:1. Ukiacha sura ya kivinjari, sharti hilo halikuhusu. Ukiibadilisha, mzigo ni wako. Kile kijivu hafifu tunachokipenda hakionekani juani.

3. Kibodi. Namba ya simu iwekee type="tel", idadi iwekee inputmode="numeric". Mtu asitafute tarakimu katikati ya herufi.

4. Lebo. Ikae juu ya kisanduku, isiwe maandishi ya ndani yanayotoweka mtu akianza kuandika. Katika biashara ya miraa "kilo" ni hesabu ya vifungu, si uzito wa mizani. Anayejaza lazima aone mpaka mwisho ameulizwa nini, la sivyo oda inaharibika.

Tarehe, orodha na visanduku vya tiki mwachie kivinjari. Mwenye simu ameshavizoea, anavitumia kila siku kwenye tovuti nyingine. Ukimletea vyako vipya, unamfundisha upya wakati gari linapiga honi.

Najua mteja atauliza, "Mbona kwenye simu yangu haifanani na ya mke wangu?" Usibishane naye. Mpe simu ya bei nafuu, mtoe nje saa saba mchana, mwambie ajaze fomu kwa kidole gumba kimoja. Akimaliza bila kukuuliza swali, kazi yako imekwisha.

Nawasilisha.