Majaribio ya wachezaji huru: mizani imo mikononi mwa nani?

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapoelekea ukingoni, klabu 32 za ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, NFL, hulazimika kupiga hesabu isiyokuwa na huruma. Klabu huingia kambini na wachezaji wasiozidi 90, lakini ligi inapoanza mwezi wa Septemba huruhusiwa kubaki na 53 tu. Hata mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuikokotoa hesabu hiyo. Wachezaji 37 wakiondolewa katika kila klabu, jumla yao ni 1,184. Tangu mwaka 2023 klabu zimepewa siku moja ya mwisho ya kukamilisha upunguzaji huo, badala ya kuufanya kwa awamu.

Kuna afueni kidogo. Kila klabu huweza kuweka kikosi cha mazoezi cha watu 16, ambao hushiriki mazoezi ya wiki nzima ingawa siku ya mechi wengi wao hubaki kuwa watazamaji. Nafasi hizo ni 512 kwa jumla. Hata zingejazwa zote na walioachwa, na hata tukikumbuka kwamba baadhi yao huingizwa katika orodha ya majeruhi, bado wangesalia mamia ya vijana wasio na klabu. Hao ndio wanaoitwa wachezaji huru. Uhuru wao, msomaji, ni kama ule wa mtu aliyefutwa kazi: yu huru kwenda popote, ila hana pa kwenda.

Hapo ndipo yanapoanza majaribio. Mchezaji akiumia siku ya Jumapili, klabu humhitaji wa kuijaza nafasi yake kabla ya Jumapili nyingine. Aghalabu siku ya Jumanne, wachezaji wa klabu wanapopumzika, vijana wanne au watano wanaocheza nafasi hiyo huitwa. Hupimwa afya, hukimbizwa, hudakishwa mpira na kuulizwa maswali. Klabu hugharimia safari, lakini mshahara hapana. Kufikia jioni mmoja huenda akatia sahihi mkataba, na pengine hakuna hata mmoja. Majina yao huandikwa ili simu ipigwe mwingine atakapoumia. Mwezi wa Mei hufanyika majaribio ya namna nyingine, ambapo vijana wasiochaguliwa katika ugawaji wa chipukizi hualikwa kwenye kambi ya siku chache bila mkataba wowote.

Wanaoyasifu majaribio haya hawakosi ushahidi. Kurt Warner aliachwa na klabu ya Green Bay Packers mwaka 1994, akawa akipanga bidhaa usiku katika duka kubwa la mji wa Cedar Falls, jimbo la Iowa. Alicheza katika ligi ya ndani ya ukumbi, akavuka bahari hadi Amsterdam mwaka 1998, kisha akapata nafasi katika klabu ya St. Louis Rams. Mnamo Januari 2000 aliiongoza klabu hiyo kutwaa ubingwa wa Super Bowl. Adam Thielen naye, kutoka chuo kisichovuma cha Minnesota, aliingia kambi ya Minnesota Vikings mwaka 2013 kama mtu wa kujaribiwa tu. Miaka mitano baadaye aliuanza msimu kwa mechi nane mfululizo ambazo katika kila moja alidaka pasi za kufikisha yadi 100 au zaidi, akaifikia rekodi ya ligi.

Ni simulizi tamu. Hata hivyo, yafaa tujihadhari nazo, kwa kuwa husimuliwa na waliofika. Waliorudi nyumbani Jumanne jioni hawaandikiwi vitabu. Isitoshe, simulizi hizo hupunguzwa zinapopita mikononi mwa watu. Walimu watapendezwa na kisa cha Vince Papale, mwalimu aliyejiunga na klabu ya Philadelphia Eagles mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 30, na ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2006. Filamu yamwonyesha kama mtu wa mtaani aliyejitokeza tu siku ya majaribio ya wazi. Ukweli ni kwamba alikuwa amekwisha kucheza misimu miwili katika klabu ya kulipwa ya ligi nyingine mjini humo, na hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Filamu ilipenda muujiza. Maisha yalidai maandalizi na cheti cha kazi iliyotangulia.

Basi swali la kujiuliza ni hili: majaribio hayo hupima nini hasa? Jibu la haraka ni kipaji. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni bei. Katika ligi hiyo kima cha chini cha mshahara hupanda kwa kadiri ya misimu ambayo mtu amecheza. Mwaka 2024 mgeni kabisa hakuweza kulipwa chini ya dola 795,000 akidumu kikosini msimu mzima, na mkongwe alistahili zaidi. Kwa kuwa kila klabu imewekewa kiwango cha juu cha matumizi, kijana aweza kumshinda mkongwe kwa sababu ni rahisi kumlipa, wala si kwa sababu ni bora. Kanuni ya kuupunguza uzito wa mishahara ya wakongwe katika hesabu za klabu ilibuniwa kwa sababu hiyo hiyo.

Tazama pia ujanja wa majira. Mchezaji aliyetimiza misimu minne akiwa kikosini siku ya mechi ya kwanza, kisha akaachwa, aweza kudai mshahara wake uliosalia wa msimu huo. Klabu nyingi hulijua hilo. Kwa hiyo husubiri wiki ya kwanza ipite, ndipo huwaita wakongwe waje kujaribiwa. Mtu yule yule, mwenye miguu ile ile, hafai Septemba mosi lakini afaa Septemba katikati. Kilichobadilika ni dhamana tu.

Upande wa pili wa mizani, mchezaji naye ana hesabu zake. Ili kustahiki pensheni ya ligi anahitaji misimu mitatu inayotambulika, na msimu hutambulika akiwa amehesabiwa kikosini kwa mechi tatu. Chama cha wachezaji kimekuwa kikisema kwamba wastani wa maisha ya mchezaji katika ligi ni miaka mitatu na ushei. Kwa hiyo kijana wa misimu miwili anayekimbizwa uwanjani Jumanne asubuhi hatafuti umaarufu peke yake. Yamkini anatafuta mechi tatu zitakazomlinda uzeeni, wakati magoti yatakapodai malipo yao.

Zaidi ya kipaji na bei, kuna mambo yasiyopimika kwa saa wala kwa kamba. Colin Kaepernick aliiongoza San Francisco 49ers hadi fainali ya Super Bowl ya msimu wa 2012. Mwaka 2016 alipiga goti wakati wa wimbo wa taifa, akipinga dhuluma dhidi ya Wamarekani weusi. Tangu Machi 2017 akawa mchezaji huru asiyetakiwa na klabu yoyote. Alilalamika kwamba wenye klabu walikula njama dhidi yake, na shauri hilo likamalizwa kwa maafikiano Februari 2019. Novemba mwaka huo ligi ilimwandalia majaribio karibu na Atlanta. Siku yenyewe mvutano ulizuka kuhusu karatasi aliyotakiwa kutia sahihi na kuhusu wanahabari kuruhusiwa kuingia. Alihamisha majaribio hayo hadi uwanja wa shule ya upili, akarusha mpira mbele ya wajumbe wa klabu chache. Mwaka 2022 klabu ya Las Vegas Raiders ilimjaribu pia. Hakuna aliyempa mkataba.

Msomaji aweza kumuunga mkono Kaepernick au kumpinga. Somo halibadiliki. Ubishi wa siku ile mjini Atlanta haukuhusu nguvu za mkono wake. Ulihusu karatasi. Mwenye kuandaa majaribio ndiye huandika masharti, huchagua mashahidi na kutoa hukumu. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Haifai, hata hivyo, kuwaonea wenye klabu. Mchezo wa kulipwa ni mashindano, na kocha asiyemtafuta aliye bora huwadhulumu mashabiki pamoja na wachezaji wengine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: milango ya majaribio imewafaa watu ambao maskauti waliwapuuza. Ninalosisitiza ni kwamba hata uungwana uliopo katika utaratibu huo haukuletwa na ukarimu. Ililazimu wachezaji kwenda mahakamani. Baada ya baraza la wazee wa mahakama huko Minneapolis kuamua mwaka 1992 dhidi ya vikwazo vya kuhama, mfumo mpya ulianza mwaka 1993, na Reggie White akahama kutoka Philadelphia kwenda Green Bay kwa mkataba mnono. Barani Ulaya, mwanasoka Mbelgiji Jean-Marc Bosman alishinda kesi yake Desemba 1995, na mchezaji aliyemaliza mkataba akapata haki ya kuondoka bila klabu yake kudai ada. Pensheni, kima cha chini na dhamana ya mshahara huko Marekani ni matunda ya mkataba wa pamoja baina ya ligi na chama cha wachezaji.

Haya yatuhusu vipi? Kwanza, mlango huo umewahi kufunguliwa kwa kijana wetu. Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa akicheza raga ughaibuni, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 ilhali hakuwa amewahi kuucheza mchezo huo. Mwaka 2015 aliachwa. Kisa chake chaonyesha pande zote mbili za sarafu: jinsi mlango unavyoweza kufunguka, na jinsi unavyofungwa upesi.

Pili, katika kila shule ya upili nchini yumo mwanafunzi anayeamini kwamba siku moja tu ya majaribio itayabadilisha maisha yake. Mwalimu asimvunje moyo, wala asimfiche ukweli. Amfundishe kukimbia, na amfundishe pia kusoma mkataba hadi herufi za mwisho. Amfundishe kuuliza: nani atanitibu nikiumia katika majaribio haya? Nani ataamua, na kwa kigezo gani? Nikikubaliwa, nitalipwa nini, na nikiachwa, nitabaki na nini?

Kijana asiyeweza kuyauliza maswali hayo ataingia uwanjani na miguu peke yake. Miguu huchoka. Maandishi yaliyotiwa sahihi, yakiwa yameandikwa kwa haki, hubaki kumtetea hata baada ya kocha kusahau jina lake.