Mtoto si mjeuri, ana hesabu yake

Nianze na kisa cha jirani yangu hapa mtaani. Asubuhi moja aliwamiminia uji wanawe wawili: mkubwa, mwenye miaka tisa, katika bilauri ndefu, na mdogo wa miaka minne katika kikombe kipana. Alipima kwa upawa ule ule, mara mbili kwa kila mmoja. Mdogo akaangua kilio, eti wa kaka yake ni mwingi. Mama akaumwaga, akapima tena mbele ya macho yake. Wapi! Mwishowe alimzaba kofi na kumwita mlafi.

Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Lakini mtoto yule hakuwa na ulafi wala ujeuri. Aliona uji umepanda juu katika bilauri, na kwa umri wake, kupanda juu ndiko kuzidi.

Aliyelichunguza sana jambo hili ni Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki 1980. Alipokuwa kijana alipewa kazi mjini Paris ya kuwapima watoto akili kwa maswali. Badala ya kuhesabu majibu sahihi tu, alivutiwa na yale yaliyokosewa, kwani watoto wa rika moja walikosea kwa namna moja. Baadaye aliwatazama wanawe watatu tangu uchanga wao, akiandika kila alichokiona.

Mtoto mchanga hufikiri kwa mikono na mdomo. Akiwa na miezi mitano, ukifunika kichezeo chake kwa leso, aghalabu hatakitafuta. Akifika miezi minane au tisa ataifunua. Piaget aliamini kwamba kabla ya hapo, kisichoonekana hakipo kabisa kwa mtoto. Hapo alimpunja mtoto. Mwaka 1987 Renée Baillargeon, aliyefanya utafiti wake Marekani, alionyesha kuwa hata wa miezi minne hivi hukodoa macho kitu kilichofichwa kinapoonekana kama kimetoweka.

Kati ya miaka miwili na saba ndipo kifuniko cha sufuria hugeuka usukani wa matatu. Huyu ndiye anayemjibu nyanya yake kwenye simu kwa kutikisa kichwa, akidhani nyanya anaona anachokiona yeye. Ni kama miaka saba ndipo huanza kukwambia kwamba uji ni ule ule, bilauri tu ndiyo nyembamba.

Miaka hiyo, hata hivyo, si sheria. Margaret Donaldson wa Edinburgh alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1978 kwamba swali likiulizwa kwa njia inayomwingia mtoto, wengi hujibu vyema mapema zaidi.

Na kijana je? Kuanzia miaka 11 au 12 hivi huanza kupima mambo ambayo hayajatokea, na kanuni zenyewe. Ndipo anapokuuliza: “Mama, ikiwa uongo ni makosa, mbona ulitutuma tumwambie mwenye nyumba kuwa hupo?” Wazazi huita huo utovu wa adabu. Mimi naona ni akili iliyofika mahali papya, ingawa nakiri swali lenyewe linauma.

Jaribu nyumbani. Tia maji sawasawa katika bilauri mbili zinazofanana, mtoto akubali kuwa ni sawa, kisha mimina ya moja katika bakuli. Muulize yapi ni mengi. Usimsahihishe. Muulize kwa nini, kisha unyamaze umsikilize.

Jirani yangu alijaribu Jumamosi iliyopita. Mdogo alisema ya bilauri ndiyo mengi “kwa sababu yamesimama, ya bakuli yamelala.” Siku hizi wote wawili wanakunywa uji katika vikombe vinavyofanana.